Aliumwa moyo Uingereza, akapimwa presha!

Hivi unajua kwamba mashetani wengi wa Unguja ni wahamiaji? Usicheke, waulize wazee. Kibuki kwao Bukini, yaani Madagaska. Anasema Kibuki, anataka brandi, na ngoma yake hainogi bila akodioni. Habeshia ametoka Uhabeshi. Ruhani ni Mwarabu, Mwislamu, mpenda usafi, anataka udi na marashi. Rubamba kwao Pemba. Kila mmoja kaja na lugha yake, nguo zake na hasira zake ukimkosea adabu.

Na fundi wa ngoma akimshika mgonjwa, haanzi kwa kuuliza wapi panauma. Anamuuliza huyo aliye ndani: Wewe nani? Kwenu wapi? Umekujaje hapa? Unataka nini? Wakishasikilizana, ndipo mengine yanafuata.

Siandiki haya kukutisha, wala kukupigia debe la waganga. Nayaandika kwa sababu nina ndugu yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, aliyekaa majuu miaka 16, mingi katika hiyo akiingia na kutoka hospitali za wagonjwa wa akili, na kwa maelezo yake mwenyewe hakuna daktari hata mmoja aliyemuuliza maswali hayo manne kwa utulivu, akangoja jibu.

Jina lake silitaji. Chwaka ukimtaja mtu mmoja umetaja mji mzima.

Alitoka nchini mwaka 2001. Wengi wenu mlioko mjini leo mlikuwa watoto au hamjazaliwa, kwa hiyo niwakumbushe kidogo. Tarehe 26 na 27 Januari mwaka ule, baada ya mzozo wa uchaguzi wa Oktoba 2000, maandamano ya upinzani Unguja na Pemba yalizimwa kwa risasi. Watu zaidi ya 30 waliuawa. Wapemba zaidi ya 2,000 walipanda vyombo usiku wakavuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi kutoka kila upande, kutoa wa kwake. Muafaka ulipotiwa saini Oktoba 2001 wengi walikuwa wamesharudi au walikuwa njiani kurudi. Wengine hawakurudi. Ndugu yangu, aliyekuwa na miaka 20 na alikuwa Pemba kwa wajomba zake siku ile, ni mmoja wao. Alizunguka zunguka, na mwaka 2003 akaibukia Uingereza, akaomba hifadhi.

Sasa hapo ndipo sisi huku tunapokosea hesabu. Tukisikia mtu kafika Uingereza tunaona keshaukata. Kumbe mwaka 2002 serikali ya kule ilikuwa imeifuta ile ruhusa ya waomba hifadhi kufanya kazi wakishangoja miezi 6. Kijana anapewa chumba kwenye mji asioujua, anapewa vijisenti vya chakula, anaambiwa subiri barua. Anasubiri mwaka. Anasubiri wa pili. Hakuna kazi, hakuna baraza, hakuna wa kumwambia "vipi, mbona hukuonekana jana?" Huku nyumbani simu zinamfuata: tuma hela ya paa, tuma hela ya harusi. Anaona aibu kusema hana.

Ndugu yangu akaanza kukosa usingizi. Kisha usiku kitu kikawa kinamkalia kifuani, hawezi kupumua wala kupiga kelele. Akaenda kwa daktari.

Sikiliza vizuri sehemu hii. Alimwambia daktari, "Moyo unaniuma." Mkalimani alikuwa kwenye simu, Mkongomani, mtu mwema tu, lakini Kiswahili cha kule na cha Chwaka ni ndugu wasiofanana sura. Akatafsiri neno kwa neno. Basi wakamlaza kitandani, wakambandika nyaya kifuani, wakampima presha, wakamwambia moyo wako mzima kabisa, nenda nyumbani! Akarudi mara ya pili, akasema, "Nina mawazo." Hilo nalo likatafsiriwa lilivyo: huyu bwana anasema ana fikra. Daktari akasema vizuri, kila mtu anazo.

Wewe na mimi mtu akituambia ana mawazo tunavuta kiti. Tunajua hapo kuna machozi. Kwenye Kizungu neno hilo lilitua kama mtu anayetaka kufungua biashara.

Mara ya tatu akaeleza lile jinamizi. Na hapo akaongeza kisa cha Popobawa. Wenzangu mliozaliwa mwishoni mwa miaka ya 90 kama mimi tunakijua kwa kusimuliwa. Mwaka 1995 hofu ya kiumbe hicho ilianza Pemba, ikavuka Unguja, na watu wazima, wake kwa waume, wakawa wanalala nje kwa makundi, wamewasha moto, wakiogopa kukutwa chumbani. Yeye alikuwa na miaka 14, alilala nje pamoja na wenzake. Akamweleza daktari kwamba kinachomkaba sasa kinamkumbusha siku zile. Mkalimani hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Kwenye faili likaandikwa jambo moja: mgonjwa anaamini anavamiwa na popo.

Sasa jiulize. Mwaka 1995 nusu ya kisiwa ingepimwa na daktari yule, si tungefungiwa wote?

Siku moja akagombana na msimamizi wa nyumba, polisi wakaja, akaingizwa hospitali kwa nguvu ya sheria ya kule ya mwaka 1983 inayoruhusu mgonjwa wa akili kuzuiwa bila hiari yake. Hakuwa peke yake. Takwimu za serikali ya Uingereza yenyewe za mwaka 2019 hadi 2020 zilionyesha kwamba mtu mweusi alizuiwa kwa sheria hiyo zaidi ya mara 4 kuliko mweupe. Ndani humo alipewa dawa, na nisiwe mnafiki, dawa zilimsaidia. Kwa sababu kufikia wakati huo hakuwa tena na mawazo tu. Alikuwa anasikia sauti kweli, anaongea na ukuta. Daktari wa baadaye aliandika skizofrenia, na mimi sina ugomvi na neno hilo.

Msije mkadhani haya yanawapata weusi tu. Mwaka 1932 daktari mmoja wa Norway, Ørnulv Ødegaard, alichapisha utafiti wake juu ya Wanorway waliohamia Minnesota, Marekani. Aliwakuta wakiugua skizofrenia kuliko Wanorway waliobaki kwao. Wazungu kwa Wazungu! Kuhama kwenyewe kuna kitu. Wataalamu wamebishana tangu siku ile mpaka leo ni kitu gani hasa, ila wengi sasa wanaangalia maisha ya mtu baada ya kufika: upweke, ubaguzi, kungoja, kushuka cheo kutoka mtoto wa fulani hadi namba ya faili.

Basi mwaka 2019 familia ikachanga tikiti, akarudishwa Chwaka. Alikuja na begi moja na mfuko wa dawa wa miezi mitatu.

Kama hujafika Chwaka panda daladala namba 206, utashuka mwisho wa njia mbele ya ghuba. Maji yakitoka Chwaka yanatoka kweli, unaona mchanga na majani ya bahari mpaka macho yachoke, na kinamama wanakwenda kwenye mwani wakiwa wadogo kama kunguru. Upande wa kusini mikoko imesimama kama ukuta. Watalii wanapapenda. Mtu aliyezoea chumba cha futi kumi kwa kumi na mvua dirishani, pale panampa kizunguzungu.

Wiki za mwanzo ilikuwa raha. Pilau, wageni, salamu. Kisha dawa zikaisha, na hakuna aliyeshtuka kwa sababu alionekana mzima. Baba mkubwa akasema, "Alhamdulillahi, hewa ya kwao imemponya." Haikupita miezi miwili sauti zikarudi.

Nyumba ikagawika. Baba mkubwa akasema jini. Mama yake, ambaye ni Mpemba, akasema huyu mtoto tangu Januari ile hajalala, mimi namjua. Dada yake anayesomesha skuli akasema hospitali, leo hii. Mzee akashinda, maana ndiye mwenye nyumba. Likaandikwa kombe kwa zafarani, likakoshwa kwa marashi, akanywa. Kikaitwa kisomo. Ikaitwa ngoma. Pesa zikaenda, mbuzi akaenda. Na fundi, mzee wa watu, baada ya usiku mbili za kubembeleza, akamuita baba mkubwa pembeni akamwambia maneno ambayo Chwaka yanachekwa mpaka leo:

"Ndugu yangu, huyu jini wake Mzungu. Mimi Kizungu sikijui."

Cheka tu, mimi pia nilicheka. Lakini heshima yake nampa. Ni mtaalamu wa kwanza katika miaka 16 aliyesema wazi kwamba lugha ya mgonjwa imemshinda.

Aliyemfuatia hakuwa muungwana kama yeye. Alitaka mgonjwa afungwe kamba "jini lichoke". Wakamfunga siku tatu. Usiku wa nne alifungua, akatoka, akaifuata bahari wakati maji yametoka, akatembea kuelekea nje. Alfajiri maji yalianza kurudi. Kinamama wa mwani walimkuta amesimama, maji yameshafika kifuani, anasema na mtu asiyeonekana. Walimshika mkono wakarudi naye wakimwimbia kama mtoto. Mmoja wao alipoteza kamba zake zote za mwani siku hiyo, na sijasikia mtu akimlipa.

Dada mtu hakungoja tena ruhusa. Alikwenda kumleta muuguzi wa wagonjwa wa akili anayemjua, mama wa makamo, mwenyeji wa shamba kama sisi. Mimi nilikuwepo siku aliyokuja, nilikuwa nimeteremka kutoka mjini kuwaangalia. Nilitegemea atafungua mkoba atoe sindano. Hakufungua. Alivua viatu, akakaa mkekani, akaomba maji ya kunywa.

"Shikamoo mzee," akamwambia baba mkubwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nyinyi hapa nyumbani ugonjwa huu mnauitaje?"

Mzee akamwangalia kama aliyetegewa mtego. Kisha akasema. Alisema nusu saa. Yule mama akaandika. Akamgeukia mama mtu, akamuuliza swali lile lile. Naye akasema, akalia. Mwisho akamgeukia mgonjwa mwenyewe: "Na wewe, kaka yangu, unauitaje?"

Ndugu yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Kukaa peke yangu."

Baadaye yule mama akamwambia mzee: "Baba, kombe anywe, halimdhuru. Kisomo kisomwe, na mimi mkiniita nitakuja kuitikia dua. Lakini sindano ya kila mwezi asikose. Na kamba hapana. Kamba nikiiona tena hapa, tutakosana."

"Na jini?"

"Jini akija, muulizeni anataka nini. Kama anataka mgonjwa aache dawa, mwambieni hilo hapana."

Mzee alicheka. Mimi naona hapo ndipo mgonjwa alipoanza kupona.

Sasa mimi niliishia kidato cha nne, Kizungu cha madaktari si saizi yangu, lakini nilipekua. Kumbe yale aliyoyafanya yule mama mkekani yana kitabu chake. Toleo la 5 la kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, lililotoka mwaka 2013, lina maswali 16 ambayo daktari anashauriwa kumuuliza mgonjwa juu ya utamaduni wake: tatizo lako ungewaelezaje ndugu zako? Wewe unadhani limesababishwa na nini? Wenzako wanasemaje? Umejaribu dawa gani kabla ya kuja hapa? Mwisho daktari anatakiwa aguse jambo zito zaidi, kama mgonjwa anaogopa kwamba yeye daktari hatamwelewa kwa kuwa wametoka mahali tofauti.

Wewe nani, kwenu wapi, umekujaje, unataka nini. Fundi wa kibuki angedai hati miliki!

Na Waafrika walishalifanya hili zamani. Mwaka 1954 huko Aro, Abeokuta, Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa akili kwenye nyumba za wanavijiji badala ya wodi. Sharti mgonjwa aje na jamaa yake wa kumpikia na kukaa naye. Mchana anakwenda hospitali kupata dawa, jioni anarudi kijijini kwenye ngoma na soga. Waganga wa kienyeji aliwashirikisha, akiwasimamia. Lambo alisoma udaktari Uingereza, hakuwa mtu wa kubahatisha.

Zimbabwe nako, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafunza mabibi, mabibi hasa wenye wajukuu, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hawasemi neno la kitaalamu la sonona. Wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Si ndiyo mawazo hayo? Utafiti wao ulipochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida ya zahanati. Mpango huo umeshafika Zanzibar pia. Sishangai. Huku kila mlango una baraza, kazi nusu imeshafanyika.

Lakini tusijipake mafuta. Sisi wenyewe mgeni mgonjwa tunamtendeaje? Narudi kwenye ule mwaka 1995 wa Popobawa, kwa sababu kipande hiki hakisimuliwi sana. Katika hofu ile mtu mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili aliyekuja mjini Unguja kutafuta matibabu, alidhaniwa ndiye Popobawa mwenyewe. Watu wakamuua. Alikuwa mgeni, anasema peke yake, hakuna aliyemjua kwao. Hakuna aliyemuuliza unataka nini. Na leo mahoteli ya pwani yote yamejaa vijana wa bara, wapishi, walinzi, wajenzi, wanalala wanne chumbani na nyumbani wanadaiwa hela kama alivyodaiwa ndugu yangu. Mmoja akianza kusema peke yake tunasema bangi. Huenda. Huenda pia ana mawazo, na neno hilo kwa Kisukuma lake mimi na wewe hatulijui.

Kwa wenye ndugu ughaibuni, na najua mko wengi, kutoka Muscat mpaka Toronto, haya machache niliyoyaokota kwa yule muuguzi. Mtu wako akikwambia kwenye simu halali, hali, moyo unamwenda mbio, usimjibu kwa kumwomba hela ya bati. Mwambie aende kwa daktari na adai mkalimani, na kama hamwelewi mkalimani aseme hapo hapo abadilishiwe, hiyo si jeuri. Asimtumie mtoto wake kutafsiri. Kuna mambo mtoto hapaswi kuyasikia kwa mzazi. Akirudi nyumbani aje na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake, na siku ya kwanza, kabla ya pilau, muulizeni zinaisha lini. Zisiachwe ghafla hata akionekana mzima kama jiwe. Na Kidongo Chekundu si jina la kutishia watoto. Ni hospitali, kama nyingine, ina kliniki ya watu wanaokuja asubuhi na kurudi makwao mchana.

Ndugu yangu hajawa yule wa mwaka 2000. Mikono inamtetemeka kidogo, dawa hizo zina lake, na jioni akichoka anapotea katikati ya sentensi. Lakini anasuka madema, na madema yake yanaingia samaki. Wazee wamempa nafasi barazani, anacheza bao vibaya. Kizungu chake kimempatia kazi isiyo rasmi ya kuwaeleza watalii kwa nini wasikanyage mwani wa watu. Yule fundi wa kwanza ndiye rafiki yake mkubwa, anamfundisha Kizungu kwa bei ya soda, ili siku nyingine asishindwe.

Nilipomwambia naandika habari hii alisema niandike tu, ila nimwekee jambo moja sawa. Kwenye faili la kule, akasema, mpaka leo imeandikwa anavamiwa na popo. Anataka pafutwe. Dada yake ameshaandika barua mbili. Jibu la kwanza lilikuja Machi, linamtaka athibitishe kwa maandishi kwamba yeye ndiye yeye.